Gobi wangu anachimba mchanga usiku na mchana, na sasa mawe yameanza kuanguka

RulaNaTochi

Habari zenu wadau wa maji ya chumvi. Naomba msaada, na nitaeleza kila kitu kwa vipimo ili msipate tabu ya kuniuliza mara mbili.

Tangi langu lina urefu wa sm 120, upana sm 50 na kimo sm 50, yaani lita 300 ukiacha nafasi inayoliwa na mawe na mchanga. Lina miezi 14. Joto nyuzi 25.5, chumvi 35 kwa elfu, amonia na nitriti sifuri, nitrati 5. Mchanga ni wa aragoniti, laini karibu na sukari, na niliutandaza sawasawa kwa kina cha sm 5. Wiki tano zilizopita nilimwingiza samaki aina ya gobi, Valenciennea puellaris, yule mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa ubavuni. Ana urefu wa sm 9.

Nilimtafuta kwa sababu ya utando wa kahawia. Nilikuwa naukwangua Jumamosi, Jumatano umesharudi. Huyu alipoingia, siku za kwanza nilisahau hata kula. Anachota mchanga mdomo tele, anatafunatafuna, mchanga unamwagika nyuma ya mashavu kama unga unaopita kwenye chekecheo, anasogea kidogo, anachota tena. Siku ya nne mchanga ulikuwa mweupe kama siku nilipouosha.

Lakini hakuishia hapo. Leo kona ya kulia kuna kichuguu cha mchanga cha sm 11, nimekipima kwa rula. Upande wa kushoto kioo cha chini kiko wazi, eneo la viganja viwili. Tumbawe langu jekundu la Trachyphyllia, ambalo nimelilea tangu likiwa na upana wa sm 4, nimelikuta limefukiwa mara sita. Najua ni mara sita kwa sababu naandika kwenye daftari. Zoanthus, jamaa wadogo wa matumbawe, walio chini hawajafunguka wiki nzima.

Kisha juzi, saa nane usiku, nikasikia kishindo. Jiwe la chini upande wa kushoto lilikuwa limezama, na lile lililoliegemea likateleza likasimama sm 3 kutoka kioo cha mbele. Sikulala tena. Nilikaa na tochi mpaka kulipokucha nikimtafuta samaki, nikiamini amebanwa. Alitokeza asubuhi kwenye tundu jingine kabisa, mzima.

Namzuiaje kuchimba? Kuna aliyenishauri niondoe mchanga laini niweke changarawe nzito, eti atachoka mwenyewe. Je, ni kweli? Kumtoa sitaki, ila kama kubaki kwake ni mateso kwake au kwa wenzake niambieni wazi.

---

bahari_ndogo

Pole sana. Kabla ya yote, usiku wa leo usiliache lile jiwe lilivyo. Lilaze chini hata kama tangi litaonekana baya. Na kabla ya kunyanyua jiwe lolote hakikisha umemwona samaki kwa macho yako mwenyewe, yuko mbali na hapo. Wengi hubanwa siku ya matengenezo, mwenye tangi anaposhusha jiwe juu ya tundu asilojua kwamba lina mtu ndani.

---

KinaKirefu

RulaNaTochi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umetaja joto, chumvi, kimo cha kichuguu, umbali wa jiwe na kioo. Chakula hukutaja hata mara moja. Kwa hiyo naanza na swali: tumbo lake likoje? Mtazame kwa ubavu, taa zikiwa zimewaka, hapo nyuma kidogo ya mapezi ya kifua. Gobi aliyeshiba ana mstari wa tumbo uliotuna kidogo au ulionyooka. Mwenye njaa anabonyea, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, na mgongo unaanza kuchongoka.

Nauliza kwa sababu huyu samaki hasafishi mchanga. Anawinda. Kila akichota, anachuja kwa matamvua na kubakiza viumbe: kopepodi, amfipodi, minyoo midogo, vitu usivyoviona. Ule utando wa kahawia hakuula. Aliufukia kwa kuugeuza, na mchanga unaogeuzwa kila saa haupati nafasi ya kuota utando. Sasa fikiri: mchanga wa tangi la lita 300 wenye miezi 14 una wanyama wangapi wa kumlisha samaki wa sm 9 anayechuja kutwa nzima kwa wiki tano? Weupe uliokufurahisha siku ya nne ndio mwanzo wa ghala lake kwisha. Mimi nikiona mchanga mweupe pe na gobi ambaye hapumziki, wasiwasi wangu wa kwanza ni njaa, mawe baadaye.

Nilimpoteza wangu wa kwanza namna hiyo. Alikuwa akichimba kwa bidii mpaka siku mbili kabla ya kufa, na mimi nilikuwa nasema ni samaki hodari. Nilimlisha mara moja kwa siku, chakula cha vipande kinachoelea, na samaki wengine walikimaliza juu kabla hakijafika chini. Yeye haji juu. Hilo bado linaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Cha kufanya. Tafuta bomba gumu la plastiki lenye urefu wa kufika chini ya tangi lako, kipenyo cha kidole kidogo. Yeyusha uduvi wa misisi waliogandishwa kwenye kikombe cha maji ya tangi. Zima pampu za mkondo kwa dakika 10 hadi 15. Washushe uduvi polepole kwa bomba hilo mpaka sm 5 kutoka mdomo wa tundu lake, na uwalaze juu ya mchanga. Mwanzo atawapuuza. Akichota mchanga wenye uduvi ndani mara mbili tatu ataelewa, na baada ya siku chache atalisubiri bomba. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, kidogokidogo; mlo mmoja mkubwa hautamsaidia. Artemia wakavu (uduvi wadogo wa kulishia samaki) peke yao hawatoshi, ni wepesi mno. Tembe ndogo zinazozama ni nzuri akishazijua.

Kuhusu kumzuia asichimbe: huwezi, na usijaribu. Samaki wa jamii ya Valenciennea analala ndani ya shimo, anajificha ndani ya shimo, anataga ndani ya shimo. Unachoweza ni kulijenga tangi ili uchimbaji wake usimdhuru mtu. Mawe lazima yakae juu ya kioo cha chini, yasikae juu ya mchanga hata kwa unene wa karatasi. Kama kioo kinakutia hofu, tandika chini ya jiwe karatasi nene ya plastiki isiyo na rangi. Jiwe likishagusa chini, achimbe atakavyo, halina pa kuzama. Yale ya juu yafunge kwa epoksi ya majini au toboa upitishe fimbo ya akriliki. Jaribio langu ni rahisi: nalisukuma rundo kwa mkono, kwa nguvu. Likitikisika, halijawa tayari.

---

Mwani

Naungana na KinaKirefu kwa yote, niongeze la changarawe kwa sababu limeulizwa na halijajibiwa.

USIWEKE. Huo ushauri nimeusikia miaka mingi na unaua polepole. Mdomo na matamvua ya gobi huyu yameumbwa kwa chembe ndogo za mviringo. Ukimpa vipande vikubwa vyenye ncha atajaribu kuchuja hivyohivyo, kwa sababu hajui njia nyingine ya kula. Ama atajichubua ndani ya mdomo, ama atashindwa kula kabisa. Ni kweli "ataacha kuchimba", lakini ataacha kwa sababu amekata tamaa.

Ila kuna njia ya kati. Mchanga wako wa sukari ni laini kupita kiasi. Akiumwaga unapeperuka na mkondo mpaka juu ya matumbawe. Chembe za mm 1 hadi 2, za mviringo, bado anazichuja bila shida na zinatua palepale alipozitema. Usibadilishe wote kwa siku moja. Robo moja, kisha subiri wiki mbili tatu, kisha robo nyingine. Bakteria wako na wale wanyama wachache waliobaki wanaishi humo.

Halafu mpe vipande vya matumbawe yaliyokufa, vya ukubwa wa kucha na wa kidole gumba, viganja vitatu hivi, umwage pembeni. Utamwona anavibeba kwa mdomo kimoja kimoja. Jamaa zake wa Valenciennea longipinnis hujenga tuta la vipande hivyo juu ya tundu wanakotunza mayai, na tuta hilo husaidia maji mapya kupita ndani. Mchanga laini mtupu hausimami kuwa ukuta. Shimo linabomoka, anahama, anaanza jingine. Nina hakika sehemu kubwa ya fujo ya tangi lako ni ujenzi usiofanikiwa. Mpe na kipande cha bamba la jiwe bapa, upana wa mkono, kilichokaa sm 3 juu ya kioo kwa miguu miwili mifupi. Atahamia chini yake.

---

Mkondo_wa_Pili

Mimi sina gobi huyo, nina Pholidichthys leucotaenia, ambaye watu humwita gobi lakini siye. Alikuja mwembamba kama penseli, sasa anakaribia sm 30 na anahamisha mchanga kwa kiwango ambacho kichuguu chako cha sm 11 kingekuwa kazi ya mchana mmoja. Naongeza mambo mawili ambayo yalinigharimu.

La kwanza, kioo. Sumaku ya kusafishia kioo ikinasa punje moja tu inachora mstari usiofutika. Tangu awepo mchimbaji, sumaku yangu haishuki chini ya sm 5 juu ya mchanga, na sehemu ile ya chini naifuta kwa kadi ya plastiki. Pampu ya mkondo nayo ipandishe. Punje zikiingia kwenye rota utaisikia inakwaruza.

La pili, mchanga mzito uliokaa bila hewa. Kichuguu cha sm 11 ukikibomoa kwa mkono mara moja, angalia kama ndani kuna tabaka jeusi na harufu ya yai bovu. Hiyo ni haidrojeni salfaidi na ni sumu kwa samaki. Fyonza kwa mpira, sehemu ndogo kila unapobadilisha maji, usikivuruge ndani ya tangi. Chako kina wiki tano tu, pengine ni salama, lakini mchanga wa zamani ulio chini ya mawe yako una miezi 14, na huo ndio utakaoufunua ukianza kunyanyua mawe.

---

RulaNaTochi

Asanteni nyote. KinaKirefu, nilisoma swali lako nikaenda moja kwa moja kwenye tangi, na nimerudi hapa nikiwa na uzito moyoni. Amebonyea. Nimetazama picha ya siku aliyoingia na ya leo, nikaziweka sambamba. Mstari wa tumbo umeingia ndani na juu ya macho kuna kibonyeo ambacho hakikuwepo. Wiki tano nilikuwa napima mchanga wala sikumpima yeye. Nilikuwa nawalisha wote mara moja, jioni, na kwa kuwa nilimwona "anakula" mchanga kutwa nzima niliamini anajitegemea.

Jiwe nimelilaza. Bomba nimelipata. Nitaanza leo.

Swali moja: Trachyphyllia nimfanyeje? Kumpandisha juu ya mwamba naogopa, nyama yake inatuna sana mchana na mwamba una makali.

---

Mwani

Unaogopa kwa haki, huchanika. Kukaa chini kabisa si lazima, anachohitaji ni kitako laini na mwanga usio mkali. Tengeneza kimeza cha akriliki: kisahani cha duara chenye ukingo mfupi, miguu mitatu au minne ya sm 8, miguu ikikanyaga kioo cha chini. Weka mchanga kidogo ndani ya kisahani. Gobi akimwaga, mwingi unapita chini. Kiasi kinachobaki mpulizie asubuhi na jioni kwa bomba la mpira, upole tu, kutoka ubavuni. Tumbawe la jamii hiyo linaweza kujisukumia mchanga kidogo lenyewe kwa kutuna na kwa ute, lakini si likifukiwa kila siku.

Zoanthus wahamishie juu, hao hawana shida na mwamba.

---

KinaKirefu

Kugundua katika wiki ya tano si sawa na kugundua katika wiki ya kumi. Bado anachimba, bado ana nguvu. Usimpe mlo mkubwa leo kwa huruma, atashindwa na maji yatachafuka. Kidogo, mara nyingi.

Na nikuambie waziwazi kama ulivyoomba: ukimlisha hivyo kwa wiki tatu na tumbo halijainuka hata kidogo, tafuta mtu mwenye tangi kubwa na la zamani kuliko lako, lenye mchanga ulioishi miaka mingi, umpe. Huo nao ni utunzaji. Angalia pia kinyesi. Kikiwa cheupe na chembamba kama uzi siku nyingi mfululizo, huenda ana vimelea tumboni na chakula peke yake hakitamrudisha. Hapo atahitaji mtaalamu wa magonjwa ya samaki.

---

bahari_ndogo

Tangi lina mfuniko? Maana nimesoma yote sijauona. Hawa huruka. Mchana kutwa wako chini, taa ikizimika ghafla au akishtushwa na mwenzake anapaa. Wavu wa matundu ya mm 6 unatosha, na kila upenyo wa waya au bomba uzibwe.

---

RulaNaTochi

Nimerudi baada ya siku 44 kuwapa taarifa kutoka kwenye daftari, kwa sababu mlinisaidia na sikutaka niwaache hewani.

Siku ya 1 hadi ya 3 alilikimbia bomba. Siku ya 4 saa nne asubuhi alichota mchanga wenye uduvi wawili, nikaona mchanga tu ndio uliotoka kwenye matamvua. Siku ya 9 alitoka tunduni kabla sijazima pampu. Sasa anasimama kwenye mlango wa tundu akiinua kichwa, bomba likigusa tu maji. Nalisha mara nne. Siku ya 20 mstari wa tumbo ulikuwa umenyooka. Leo umetuna, na kile kibonyeo cha kichwani kimejaa. Nimempima kwa kulinganisha na alama niliyoichora nje ya kioo: sm 10.

Mawe niliyashughulikia kwa siku mbili. Nilitoa theluthi ya maji kwenye vyombo safi, nikamwona gobi amelala kona ya kulia, nikaweka kizuizi cha plastiki katikati ya tangi asipite, ndipo nikanyanyua. Mkondo_wa_Pili, chini ya jiwe la nyuma kulikuwa na jeusi, upana wa sahani, na harufu uliyoisema. Nililifyonza lote nje kabla halijatawanyika. Nashukuru sana kwa onyo lile. Mawe manne ya chini sasa yako juu ya kioo, na rundo lote nimelisukuma kwa mikono miwili halikutikisika.

Mchanga nimebadilisha nusu, chembe za mm 1 hadi 2. Vipande vya matumbawe nilivimwaga jioni. Asubuhi karibu nusu vilikuwa vimehamishwa, vimepangwa mbele ya bamba la jiwe nililomwekea. Mwani, ulisema atahamia chini yake, na amehamia. Kila jioni, nusu saa hivi kabla ya taa kuzimika, anajifungia kwa ndani kwa mchanga. Shimo lile ana wiki tatu nalo, hajalihama. Bado anachimba kila siku, ila anachimba mbele, sehemu iliyo wazi, na kichuguu cha kulia kimeshuka hadi sm 6 bila mimi kukigusa.

Trachyphyllia ametulia kwenye kimeza. Miguu niliikata sm 8 kama ulivyosema, nikaona bado anafikiwa na mchanga wa pembeni, nikaifanya sm 10. Tangu hapo namkuta na punje chache tu, na mchana anatuna mpaka anafunika ukingo wa kisahani.

Gharama ya kulisha mara nne imeonekana kwenye maji: nitrati ilipanda kutoka 5 hadi 15. Nilikuwa nabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki mbili, sasa ni kila wiki, na kwenye chumba cha kuchujia maji kilicho chini ya tangi nimeweka mwani wa chaetomorpha chini ya taa ndogo. Wiki hii nitrati imesoma 10. Ndani ya mwani huo nikimulika tochi usiku naona vitu vidogo vinarukaruka, kopepodi na amfipodi. Nachukua kifungu kidogo mara moja kwa wiki, nakikung'utia mbele ya tundu lake.

bahari_ndogo, tangi halikuwa na mfuniko. Nilikuwa naamini samaki wa chini haruki. Wavu niliumaliza kuusuka jana. Umebaki upenyo mmoja nyuma, pale waya wa pampu unapopita, upana wa vidole viwili. Nauziba leo kabla ya taa kuzimika.